Sindano za Marika Mawili

Rika letu hapa Mapinga lina neno moja kwa mateja, vijana wanaotumia heroini: wamejitakia. Wazee wenzangu, tulipime neno hilo.

Sisi tuliokua kabla barabara ya Bagamoyo haijawekwa lami tuliiamini sindano kuliko kidonge. Dresa wa zahanati alikuwa na bomba la kioo na sindano chache, akizichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa. Foleni ikirefuka, maji hayakungojwa yachemke sawasawa. Huko Misri, sindano zilizorudiwa hivyo katika kampeni za kutibu kichocho, tangu miaka ya 1950 hadi 1980, zilieneza homa ya ini aina ya C kwa watu wengi mno. Nani atawaambia wakulima wale kwamba walijitakia?

Watoto wetu walikutana na unga, yaani heroini. Walianza kwa kuvuta, baadhi wakaishia kujidunga. Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo la Dar es Salaam: aliyejidunga anavuta damu yake kwenye bomba, anampa mwenzake asiye na hela ya kete, naye anajidunga damu hiyo akitumaini itamtuliza arosto. Walikuwa wakihurumiana. Kirusi cha homa hiyo ya ini kilipita humo humo.

Na kirusi hiki kina subira. Hukaa kwenye ini miaka 20 au 30 kimya, hata ini linyauke na tumbo lijae maji. Pombe na Ukimwi huharakisha. Chanjo yake haipo, lakini dawa ipo. Zamani zilikuwa sindano za interferoni, hata wiki 48, zenye homa na unyonge, na wengi hawakupona. Tangu 2013 vimekuja vidonge vya aina ya sofosbuviri: kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 wanapona, hata wanaotumia methadoni, ile dawa ya kuacha unga iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Ila kupona si kinga. Ukirudia bomba la kuazima, utaambukizwa upya.

Vidonge hivyo havimfikii asiyepimwa, na kijana tunayemsimanga haendi kupimwa. Tutangulie sisi tuliochomwa kwa bomba la kioo. Mateja wakituona wazee tunaomba kipimo hicho hicho dirishani, hawataona haya kupanga foleni nyuma yetu.