Taa Zizime, Upepo Ubaki

Wasee wa Lodwar, tuongee ukweli kuhusu hizi feni za kompyuta zenye taa. Si eti nazichukia. Zinapendeza, na nikipiga video huwa naziwasha. Shida yangu ni moja: nyingi tunazouziwa huku, taa na mota zinakula stima kwa waya mmoja, na hakuna anayekwambia hivyo kabla hujalipa.

Kwangu hii si stori ya urembo. Tangu niache chuo, kompyuta ndiyo shamba langu. Naediti video za harusi, za makanisa, za wasanii. Mchana Lodwar inafika nyuzi 35 na kupita, na mabati yanaongeza yake, kwa hivyo kazi nzito naifanya usiku. Lakini chumba tunalala watatu, na mdogo wangu yuko Kidato cha Nne, anaamka saa kumi kusoma. Nahitaji taa chini, upepo juu. Feni ya bei rahisi inakataa: ukitaka giza, ukubali na joto.

Iko hivi. Feni ya pini tatu unaipunguza mwendo kwa kuipunguzia volti, tuseme kutoka 12 hadi 7. LED zikiwa zimeungwa pamoja na mota, nazo zinapata 7, basi zinafifia. Feni ya pini nne inabaki na volti 12 wakati wote. Waya wa nne unabeba ishara ya PWM, mapigo kama 25,000 kwa sekunde, ya kuiambia mota izunguke kiasi gani. Mwendo unabadilika, mwanga unabaki. Hata hivyo bado hujapata njia ya kuzima taa. Kwa hilo tafuta feni ambayo taa zina waya wake kando. Na hapo chunga: kuna taa za rangi za volti 12 zenye pini nne, na nyingine za volti 5 zenye pini tatu. Ukilazimisha za 5 kwenye 12, umezichoma.

Kitu kingine ambacho wengi hawaangalii ni BIOS. Feni ya pini tatu ukiiwekea PWM itazunguka mbio siku nzima, juu hakuna waya wa kupokea hiyo amri. Iwekee DC. Halafu panga mwendo mwenyewe. Mpangilio wa kiwandani mara nyingi unafaa chumba chenye ubaridi. Huku kwetu prosesa ikiwa haifanyi chochote tayari ina joto, kwa hivyo feni inapanda na kushuka, inalia kama bodaboda mlimani. Mimi nimeiweka izunguke wastani muda wote, ipande tu joto likizidi nyuzi 70.

Na tusidanganyane: feni haitengenezi baridi. Inasukuma hewa iliyopo. Chumba kikiwa na nyuzi 36, hakuna kitu ndani ya kasha kitashuka chini ya hapo, hata uweke feni kumi. Wale wanaosema taa ndizo zinachemsha mashine pia wanakosea. Joto la LED ni dogo sana ukilinganisha na la prosesa. Adui wetu ni vumbi. Safisha kila mwezi kwa brashi, na ushike feni isizunguke ukipuliza.

Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa, nina beshte mwenye duka la kuchapisha na gemu, na anategemea sola na betri. Yeye hesabu yake ni wati. Feni zake nne zimeandikwa volti 12, ampea 0.3. Hiyo ni wati 3.6 kila moja, 14.4 zote zikiwa mwisho. Kwa saa sita za usiku, hiyo stima ingewasha balbu ya wati 9 kwa zaidi ya saa tisa. Akipunguza mwendo anaokoa, taa zinafifia, na wateja wanauliza kama mashine ni mbovu. Yaani tumefundishwa kupima nguvu ya kompyuta kwa mwanga wake.

Kama tayari unazo za waya mmoja, usizitupe. Ziba upande wa kioo kwa kadibodi, uache matundu ya mbele na nyuma wazi. Upepo unapita, mwanga haupiti, na mdogo wangu analala.

Lakini kama bado unaweka pesa kidogo kidogo ununue, muuzaji akikuwashia rangi zote saba, mwambie aizime kwanza. Hesabu pini. Uliza taa zina waya wake au la. Akianza kukwepa swali, rudisha pesa mfukoni.