Wavu wa Baba

Mimi ni karani wa Serikali, nami nakaa Kaloleni hapa Nairobi. Mdogo wangu hufanya kazi Kisumu, katika kituo cha uchunguzi wa samaki kando ya Ziwa Victoria. Nakiri kwamba kwa muda mrefu niliidharau kazi yake. Siku nilipomtembelea, nilimkuta akipima samaki kwa rula, akiwapasua matumbo na kuandika hesabu daftarini. Nikamwambia, "Sisi wana wa mvuvi, tulisomeshwa ili turudi kuhesabu samaki?" Akacheka tu, akaendelea na kazi.

Mwaka jana Baba aliniomba wavu mpya. Ule niliouweza kwa mshahara wangu ulikuwa wa matundu madogo. Kabla ya kulipa nilimpigia mdogo wangu simu. Akasema, "Kaka, nakusihi usiununue."

Alinieleza kwamba ngege jike huyatunza mayai yake kinywani, na akivuliwa kabla ya kuzaa, kizazi chake kimekatika. Nyavu za kutegea ziliingia ziwani mwaka 1905. Katika miaka ya 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilichunguza ziwa, akaona ngege wanapungua, akashauri matundu yasiwe chini ya inchi 5. Mwaka 1947 kituo cha uchunguzi kikaanzishwa Jinja, Uganda. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 sharti la inchi 5 likaanza kulegezwa, na mbuta, ambaye hakuwa mwenyeji wa ziwa hilo, akatiwa humo. Kufikia miaka ya 1980 mbuta walikuwa wamejaa, na aina nyingi za fulu zimetoweka. Mbuta ameleta fedha, sikatai. Lakini ngege wa asili sasa hutafutwa katika maziwa madogo kama Kanyaboli, huko Siaya.

Baba alipopata habari alikasirika. "Nikiwaacha samaki wadogo," alisema, "jirani zangu watawaacha?" Sikuwa na jibu. Kwa miezi miwili nilikwenda ofisini kwa miguu, naye akawa anashona wavu wake uliochakaa, hata nikapata fedha za kununua wavu wa matundu mapana. Aliupokea bila neno. Ni kweli kwamba kwa siku nyingi alirudi pwani na samaki wachache kuliko wenzake, na jambo hilo liliniumiza moyo.

Wakati wa Krismasi nilimwomba mdogo wangu azungumze na wavuvi wa kwetu. Hakuhutubia. Alichukua samaki kutoka mitumbwi yao wenyewe, akawapasua mbele ya wazee, akawaonyesha wale ambao mayai yao hayajakomaa. Walikuwa wengi kuliko waliokomaa. Wazee wakanyamaza. Kisha Baba akainuka, akaomba ile rula, akaanza kupima samaki waliobaki mmoja mmoja.

Ndugu wasomaji, wavu mmoja hauponyi ziwa. Lakini nimejifunza kwamba elimu ikifungiwa ndani ya daftari haimfai mvuvi, na mvuvi asipoulizwa, daftari nalo halina maana. Sasa mwanangu wa kwanza asema ataka kazi ya baba yake mdogo. Simcheki tena.