Maua kwa Mikono ya Mgeni

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha Istanbul na kunikutanisha na sindano. Nimezaliwa Unguja, katika nyumba ambayo vitu vizuri vilikaa kabatini. Mashuka ya kutarizi, foronya, vitambaa vya meza, vyote vilimngoja mgeni mkubwa, na mgeni huyo hakuja. Nilipoolewa nikahamia Uturuki, tabia hiyo nilihama nayo. Leo nashuhudia jinsi ilivyonitoka.

Mtaani kwetu Üsküdar kulikuwa na darasa la tarizi la wanawake. Mwalimu tulimwita hocam, kama wanavyoitwa walimu wote huko. Somo la kwanza lilikuwa kuanza kushona bila fundo. Ncha ya uzi hulazwa chini ya mishono inayofuata. Sindano huenda ikiruka, kisha hurudi ikijaza mapengo, na kila hatua unaipima kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa chenyewe. Ukimaliza, ua la mbele na la nyuma hayana tofauti. Kazi hii huitwa hesap işi.

Nilimuuliza, "Hocam, nyuma nani atatazama?" Akanitandikia peşkir, taulo refu jembamba la kitani. Enzi za Waosmani, baada ya chakula mgeni alimiminiwa maji kwa birika juu ya beseni, kisha akapewa taulo la namna hii. Maua yametariziwa kwenye ncha mbili tu. Katikati pameachwa peupe, maana hapo ndipo mikono inapofutwa. Mgeni akilishika, akiligeuza, pande zote mbili anaziona. Ndiyo sababu ya kuhangaika na nyuma.

Maneno yale yaliniingia. Kwetu pia mgeni hunawishwa, tena kwa heshima. Ila taulo tulilompa lilikuwa lile la kila siku.

Baadaye nilikwenda Büyükdere, kwenye makumbusho ya Sadberk Hanım, makumbusho ya kwanza ya binafsi nchini Uturuki, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Yametokana na vitu alivyokusanya Sadberk Koç, tarizi zikiwemo. Mafundi wa zamani walitarizi tulipu, waridi, komamanga, na maua wanayoyaita karanfil na sümbül, kwa hariri na nyuzi za dhahabu. Maua haya ya bustani yalishika nguvu katika karne ya 16, zama za Sultani Süleyman aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, kwa mkono wa Kara Memi, mchoraji wa kasri. Yalipamba vitabu na vigae, na wanawake wakayatia kwenye nguo za nyumbani mwao.

Nilichokitafakari zaidi ni kazi ya nguo zile. Hii bohça, ya kufungia nguo na zawadi. Hii yağlık, ya kufutia mdomo. Hii uçkur, utepe wa kufungia suruali, nao umetiwa maua kwenye ncha zake. Wanawake walioinamia gergef, ile fremu ya kutarizia, wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Lakini walitoa macho yao na subira yao kwa ajili ya kitu kitakacholowa, kitakachofuliwa na kuanikwa, kisha kitumike tena. Kwao uzuri ulikuwa sehemu ya kumhudumia mtu.

Taulo langu la kwanza nililitia tulipu. Jirani yangu alipomaliza kula nikampa. Akasita, akatafuta karatasi. Nikamwambia afute, kwa kuwa nimelishona kwa ajili ya mikono yake. Alilishika kwa muda, akaligeuza nyuma, akatabasamu. Siku ile furaha niliyoipata, kabati halikuwahi kunipa.

Nilipokwenda likizo nyumbani, nilimwomba mama tuyatoe mashuka yake. "Yatachakaa, mwanangu," akasema. Nikamjibu, "Na sisi tunachakaa, mama." Alinyamaza, kisha akanipa ufunguo mwenyewe. Sasa anayalalia, na wajukuu wanayalalia pamoja naye.

Ndugu yangu unayesoma, fungua kabati lako leo. Toa kile kizuri, na umpe wa kwanza atakayebisha hodi, hata akiwa mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Mgeni mkubwa ni huyo aliyefika.