Kilichokuwamo Tumboni

Miaka ya themanini, mtoto akiingizwa chumba cha upasuaji hapa Songea, tumbo limejaa na anatapika nyongo, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika tutakuta nini. Daktari alipapasa, akagonga kwa vidole, akatazama eksirei kama filamu zilikuwepo, kisha akaamua kufungua. Mimi nilikuwa muuguzi wa kumpa vifaa. Jibu tulilipata pamoja, tumbo likishakuwa wazi.

Mara nyingi lilikuwa minyoo. Ile mikubwa ya mviringo, sentimita 20, hata 30, imesokotana ikawa fundo gumu lililoziba utumbo mwembamba. Ukitazama kwa makini uliiona ikijinyonganyonga nyuma ya ukuta wa utumbo uliotanuka. Daktari mzoefu hakuwa na haraka ya kukata. Alilisukuma fundo kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka minyoo ivuke kwenye utumbo mpana itoke yenyewe. Utumbo ukiwa umeshaoza, alikata, akawa anaitoa kwa koleo mmoja mmoja, na mimi nimeshika bakuli. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, kwa hiyo mtoto tuliyemtibu alirudi kwenye ua uleule wenye udongo uleule.

Wachanga wa miezi mitano au sita walikuja na jambo jingine. "Sista, mwanangu ana mchango," mama anasema. Mtoto analia, anakunja magoti, ananyamaza amelegea, kisha baada ya muda anaanza upya. Bibi ameshamnywesha dawa ya mizizi. Sikuwahi kumlaumu bibi, kwani maumivu mengi ya tumbo la mchanga hupita yenyewe. Haya hayakupita. Kipande cha utumbo kilikuwa kimejiingiza ndani ya utumbo wa mbele yake, kikazidi kuvutwa, mishipa yake ya damu ikabanwa, na choo kikawa damu na ute.

Utumbo wa namna hiyo hauvutwi, ukiuvuta utachanika. Unakamuliwa kutoka mbele kurudi nyuma, polepole. Ukishatoka, tuliufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukasubiri. Kusubiri kule ndiko ninakokukumbuka kuliko kisu chenyewe: tunafunua, tunatazama kama zambarau imeanza kuwa nyekundu, tunafunika tena. Aliyetoka Namtumbo au Mbinga wakati wa masika alifika baada ya siku mbili tatu njiani, na wake mara nyingi ulibaki mweusi.

Barabara za Namtumbo na Mbinga zilipowekwa lami miaka ya 2010, nililiona badiliko mezani. Rangi ya utumbo ilikuwa nzuri zaidi. Ultrasaundi nayo ilituonyesha duara ndani ya duara kabla hatujagusa ngozi, na mama akaelezwa mapema kinachomsumbua mwanawe. Dawa za minyoo zikagawiwa shuleni, na kwa wadogo pamoja na matone ya vitamini A. Miaka yangu ya mwisho kazini, fundo la minyoo lilikuwa jambo ambalo madaktari vijana walilisikia kwangu tu.

Chanjo ya rotavirusi ilipoanza nchini mwaka 2013, niliipokea kwa wasiwasi. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1999, baada ya kuonekana kwamba utumbo wa baadhi ya wachanga waliochanjwa ulijiingiza ndani yake wenyewe. Hii ilikuwa chanjo tofauti. Utafiti wa nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliotolewa mwaka 2018, haukuona hatari hiyo ikiongezeka. Nilifurahi sana, maana wajukuu zangu walikuwa wameshachanjwa.

Badiliko lililochelewa ni la kutambua uvimbe wa tumboni. Daktari Denis Burkitt wa Mulago, Uganda, aliandika mwaka 1958 kuhusu saratani ya taya za watoto, na mwaka 1961 akazunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa gari kutafuta inakopatikana. Ilionekana kufuata maeneo ya joto na mvua, yenye malaria. Saratani hiyo hukaa tumboni pia, kwenye figo, ovari na utumbo, na hukua haraka mno. Lakini huyeyuka kwa dawa upesi vilevile, na mtoto aweza kupona bila kukatwa sana. Ndiyo maana kinyama kidogo cha uvimbe cha kupimwa, ndani ya chupa ya formalini, kilikuwa na thamani kuliko ustadi wetu wote. Tulikikata, tukaandika lebo, kikapanda basi kwenda Dar es Salaam. Wakati mwingine majibu yalirudi mtoto ameshazikwa. Hilo sijalizoea mpaka leo, na kila ninapokutana na daktari kijana wa hapa humuuliza kwanza majibu ya kinyama siku hizi yanachukua siku ngapi.