Piano Isiyotwanga

Mliosikiliza kipindi chetu cha mwezi uliopita mtakumbuka niligusia juujuu kwamba nyumbani kwetu tunatafuta piano. Msikilizaji mmoja akaniandikia: "Dada, piano ya nini kwenye fleti?" Swali zuri. Jibu lake limenichukua wiki 6, maduka 3 na ugomvi na mama yangu mzazi, kwa hiyo nimeona niliandike, maana nikilisema hewani litamaliza kipindi kizima.

Hali yenyewe ni hii. Tunakaa Leicester, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Tuko wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 10, na mama. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Anarudi asubuhi sisi tunatoka, anakunywa chai yake, analala mpaka saa kumi na moja jioni. Mtoto anafika kutoka shule saa kumi kasorobo, na saa kumi na moja ana madrasa. Hesabuni wenyewe: muda pekee wa mazoezi ni ile saa moja ambayo bibi yake yuko kwenye usingizi mzito, upande wa pili wa ukuta wa sebule.

Mpaka mwaka huu alikuwa anafanyia mazoezi kwenye kibodi ya kuazima, ile ya vibao 61, myepesi kama rimoti ya televisheni. (Kamusi zina majina kadhaa ya zile sehemu nyeupe na nyeusi unazobonyeza. Binti yangu anaziita meno. Mimi nitasema vibao.) Mwalimu wake akaniita pembeni mwezi wa tatu. Akasema mtoto anasoma nota vizuri na sikio analo, ila vidole havijui uzito. Akikaa kwenye piano ya kweli nusu ya sauti hazitoki. Na mtihani wa Gredi 3 wa ABRSM, ukienda kuufanyia kituoni, unakuta piano ya kweli inakusubiri. Siku hizi kuna njia ya kujirekodi video nyumbani, ilianza 2020, na piano ya kidijitali inakubaliwa. Lakini siyo kwa kibodi kama ile yetu. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mtoto alikuwa ameanza kurudi kutoka kwa mwalimu kimya. Siku moja akaniuliza kama anaweza kuacha "kwa muda tu". Nyie mnajua "kwa muda tu" ya mtoto inaishia wapi.

Najua kuna atakayesema chukua piano ya kweli, Uingereza wanagawa bure. Ni kweli, wanagawa. Kila wiki utaona tangazo: piano ya mbao, bure, njoo na watu wako. Hao watu wako sasa! Ndani ya ile piano ya wima mna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa juu ya fremu ya chuma cha kalibu, mzigo mzima unapita kilo 200. Ngazi zetu zina kona mbili. Ukishaifikisha juu, unatakiwa kumwita fundi wa kuipangia sauti kila miezi 6 hivi, na hita za ukutani zinakausha mbao. Kubwa zaidi, haina pa kupunguzia sauti ukamwacha mtu akalala. Ipo kanyagio ya katikati kwenye baadhi yake, inashusha kitambaa mbele ya nyundo ili sauti ififie, lakini kwa mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili mfululizo bado ni kelele.

Kwa hiyo ikabaki piano ya kidijitali, na si ile ya kuweka juu ya stendi yenye miguu ya mkasi. Tulitaka ya kabati: yenye mwili wake wa mbao, kifuniko, na kanyagio tatu zilizofungwa chini kabisa, kitu kinachokaa sebuleni bila kutikisika. Hapo ndipo mama alipoingia.

Pesa yenyewe ilikuwa ya mchezo. Tuko wanawake 10, tunatoa paundi 100 kila mwezi, na mwezi wa tano ulikuwa zamu yangu. Mama alikuwa ameshaipangia ile elfu moja: madirisha ya nyumba ya Tanga, ambayo ina kuta na paa na imekaa hivyo tangu kabla ya korona. Nilipomwambia ninachotaka, aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, pesa ya mchezo unanunulia kabati linalolia?"

Nikamwambia mama, mtoto atakata tamaa. Akasema mtoto wa watu hakati tamaa kwa kukosa kabati. Tukanuniana siku mbili, ndani ya fleti ya vyumba vitatu, jambo ambalo lina ufundi wake. Siku ya tatu akasema, bila kunitazama, kwamba Jumamosi hana zamu, na kama tunakwenda huko dukani na yeye atakwenda, akaone kinachokula madirisha yake.

Sasa niwaeleze nilichojifunza, maana mtandaoni utakuta watu wanabishana juu ya mambo ambayo mtoto wa Gredi 3 hayamhusu.

Jambo la kwanza na la pili na la tatu ni vibao. Piano ya kweli, ukibonyeza, kibao kinarusha nyundo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa, nyundo inagonga uzi na kurudi. Kidole kinausikia ule uzito, kama gramu 50 hivi katikati ya piano, na kibao kinashuka kiasi cha milimita 10. Upande wa kushoto, kwenye sauti nzito, nyundo ni kubwa zaidi, upande wa kulia ni ndogo. Piano nzuri ya kidijitali haina nyuzi lakini inaiga mwendo huo: ina vipande vya uzito ndani, vizito kushoto na vinavyopungua ukielekea kulia, halafu sensa zinapima kibao kimeshuka kwa kasi gani. Kasi ndiyo inayoamua sauti iwe kubwa au ndogo. Kibodi ya kuazima iliurudisha mkono juu kwa springi tu, na mtoto akajifunza kugusa badala ya kubonyeza.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji uwe mpigaji. Bonyeza kibao kimoja polepole sana, uone kama sauti ndogo kabisa inatoka au inakatika. Kisha kirudie haraka haraka bila kukiachia kipande mpaka juu. Piano yenye sensa mbili kwa kila kibao itameza baadhi ya nota, yenye tatu hushika zote. Halafu sogeza kidole ndani kabisa, karibu na ubao wa nyuma, katikati ya vibao vyeusi. Hapo ndipo za bei nafuu zinapojifichua, kwa sababu kibao chake ni kifupi ndani, kwa hiyo kule nyuma kinakuwa kigumu kama mlango uliovimba. Mtoto mwenye mkono mdogo anaingia huko kila anapopiga kodi yenye vibao vyeusi. Binti yangu alijaribu piano tatu za mwisho kwenye orodha yetu, na kwenye moja alikunja uso hapohapo. Hakujua kwa nini. Mimi nilijua, nikaifuta.

Kuhusu idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa pamoja, utaona 128, 192, 256. Namba hiyo ina maana ukikanyaga kanyagio ya kulia na kupiga muziki mnene, nota za zamani zinaendelea kulia huku mpya zinaongezeka. Kwa mazoezi ya nyumbani 128 inatosha na kubaki. Usiongeze pesa kwa ajili ya namba hiyo. Wala usiongeze kwa ajili ya sauti 500 za tarumbeta na ngoma, mtoto atazichezea wiki mbili.

Ila nina la kusema hapa. Muuzaji alipokuwa akipitia mipangilio ya moja ya piano hizo, tuliona orodha ya namna za kupanga nota, na mojawapo imeandikwa ya Kiarabu. Ukiiwasha, baadhi ya nota zinashuka kidogo, zinakaa katikati, mahali ambapo piano ya kawaida haina kibao. Mama, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na mkoba mapajani kama yuko kliniki, akainuka. Mama amekulia Unguja kabla ya kuolewa Tanga, nyumba ya jirani na watu wa taarabu, na kanuni na udi amevisikia tangu utotoni kupitia dirishani. Akamwambia mjukuu wake abonyeze hapa, sasa hapa, polepole. "Eeh. Hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakosekana kwenye ile kinanda chenu." Muuzaji hakuelewa neno lakini alitabasamu, pengine aliona hundi.

Lakini jaribio lililoamua lote alilifanya mama mwenyewe. Nilikuwa nimebeba hedifoni zetu kutoka nyumbani (bebeni zenu, za dukani huwa nzuri mno zinadanganya), mtoto akazivaa, akaanza kupiga kipande chake. Sisi wengine hatusikii muziki, bila shaka. Mama akasimama nyuma ya piano, akainamisha kichwa.

"Hii inatwanga."

Na kweli. Ukiondoa sauti ya spika, piano ya kidijitali inabaki na sauti yake ya pili: vibao vinavyogonga chini, tuf tuf tuf, kama mtu anatwanga mpunga nyumba ya tatu. Kila piano ya vibao vizito inayo, ila si kwa kiasi kimoja. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa na kurasa juu ya spika, na hakuna aliyenitahadharisha kwamba ule mshindo haupiti hewani tu. Unashuka kwenye miguu ya kabati, unaingia sakafuni, na sakafu ya mbao inausafirisha mpaka kwenye kitanda cha mama na dari ya mzee anayekaa chini yetu. Hedifoni hazina dawa ya hilo.

Basi tukazizima zote, moja baada ya nyingine. Mtoto akapiga piano zilizozimwa, mama akizunguka nyuma yake na kuweka kiganja ubavuni mwa kabati. Wateja wengine walitutazama. Ya kwanza, iliyokuwa na spika tamu kuliko zote, ilitwanga. Ya pili ilikuwa kimya kidogo lakini ndiyo ile ya vibao vifupi. Ya tatu ilishuka laini, mshindo wake ni wa godoro. Bei yake: paundi 1,350. Mama alisoma kile kibandiko mara mbili, kisha akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini kana kwamba yule kijana angeelewa: "Muulize ile iliyowekwa dirishani wanaitaka lini."

Ilikuwa aina ileile, ya maonyesho, imekwaruzwa mguu mmoja. Tuliipiga vibao vyote 88 kutoka kushoto hadi kulia kwa nguvu moja, kwa sababu kilichochakaa utakisikia kikipiga kelele kuliko wenzake. Havikuwepo. Dhamana nilitaka iandikwe, ikaandikwa. Paundi 980, pamoja na kiti, pamoja na kuletwa mpaka mlangoni. Mlangoni, siyo ghorofani. Hilo liulizeni mapema. Mume wangu na shemeji yake walipandisha boksi mbili, kubwa ina kilo 50 na ushei, nami nilizifuata na maji ya kunywa.

Tumeiweka ukuta wa mbali na chumba cha mama, upande wa ngazi. Chini yake kuna ubao mzito wa plaiwudi, chini ya ubao kuna mikeka ya mpira ile ya kuwekea mashine ya kufulia, na chini ya hiyo kapeti. Chini ya kanyagio kuna skurubu ndogo ya plastiki. Izungushe mpaka iguse chini, la sivyo ubao wa kanyagio unapinda na kulia kila mtoto akikanyaga. Mzee wa chini nilimgongea siku ya pili, nikamuuliza kama anasikia chochote. Akaniuliza, kusikia nini?

Mama tulimpima vilevile. Jumapili mchana alilala kitandani mlango umefungwa, mtoto akapiga dakika 10 na hedifoni. Alipotoka akasema anasikia mtu anatembea na ndala, lakini kwa mbali, na yeye ameshawahi kulala palipo na zaidi ya hapo.

Vidole vilimuuma mtoto wiki nzima ya kwanza. Mwalimu akasema ndiyo vizuri, apige dakika 15, apumzike. Sasa anafika 40, na ile ya kuacha kwa muda sijaisikia tena, ingawa sijauliza. Piano ina tundu mbili za hedifoni. La pili limeshapata mwenyewe: siku za zamu, kabla ya kutoka, mama anakaa ukingoni mwa kiti na buibui lake ameshavaa, anasikiliza, kisha anaagiza ile mipangilio ya Kiarabu iwashwe.

Madirisha ya Tanga yanasubiri mwezi wa kumi na moja. Zamu hiyo ya mchezo ni ya mama mwenyewe, na ameshatangaza kwamba haijadiliwi.