Ukoga, karafuu na dawa ya meno

Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kufunzwa thamani ya kinywa safi. Tumekua tukiwaona wazee wakielekea msikitini na mswaki wa mti mfukoni, na tunajua Mtume (s.a.w.) alivyousisitiza, hata ikapokewa kuwa lau si kuchelea kuutaabisha umma wake angeuamrisha kwa kila swala. Na bado, keti chuoni uwasikilize watoto wakisoma, utayaona magego meusi.

Mwaka jana mwanetu wa miaka sita alikesha akilia kwa gego. Bibi yake alimtafunia karafuu akamwekea, na mtoto akalala. Hatuwezi kuidharau karafuu katika kisiwa hiki, na mafuta yake kweli hutia ganzi. Lakini maumivu kutulia si jino kupona. Siku chache baadaye shavu lilivimba, na gego likang'olewa.

Wazee husema jino limeingia mdudu. Hawakukosea sana, ila mdudu huyo haonekani kwa macho, wala haishi peke yake. Bakteria hujijengea mji, nao ndio ukoga, ule utando unaonata tunaouhisi kwa ulimi asubuhi. Mmoja wao, Streptococcus mutans, huigeuza sukari kuwa gundi ya kujishikizia na asidi ya kulila jino. Kila tunapomeza kitu kitamu, uchachu hupanda kwa dakika chache tu, na huchukua nusu saa au zaidi kushuka. Kwa hiyo kipande cha halua baada ya chakula kina madhara madogo kuliko peremende zinazomumunywa kutwa nzima.

Hapo ndipo floraidi, madini yaliyomo katika dawa ya meno, inapofaa. Kazi yake kubwa ni kuisaidia chokaa ya mate irudi ndani ya jino, liwe gumu mbele ya asidi. Kazi ya pili inatustaajabisha zaidi: ukoga ukiwa mchachu, floraidi hupenya ndani ya bakteria pamoja na asidi hiyo hiyo, ikazuia kimeng'enya anachovunjia sukari. Uchachu wake mwenyewe ndio unaoufungulia mlango. Hata hivyo, kwa kiasi cha dawa ya meno hafi, hudhoofika tu. Na ukoga ukiwa mnene, walio chini hawafikiwi vyema. Maabara zimepata hata bakteria wanaoistahimili floraidi. Ndiyo maana kupaka dawa bila kusugua hakutoshi. Ukoga sharti uvunjwe, kwa brashi au kwa nyuzi za mswaki wa mti, na hatuoni sababu ya kuzigombanisha sunna na dawa.

Kiasi nacho kina mpaka. Pembezoni mwa Mlima Meru, mkoani Arusha, miamba ya volkano hutia floraidi nyingi majini, na watu wengi wamekulia huko na meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji, na Ngurdoto kipo kituo cha kutafiti njia za kuipunguza. Dawa ya meno yenye sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni yatosha: mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha mbaazi. Ateme, asisukutue kwa maji mengi.

Yabaki ya Ramadhani. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mswaki baada ya jua kupinduka ni karaha kwa aliyefunga, na dawa ya meno ikimezwa hufunguza. Lakini saa yenye hatari zaidi ni nyingine: baada ya daku, tunapokula tende na chai ya sukari kisha tukarudi kulala, mate hupungua usingizini na ukoga hubaki na karamu yake. Kati ya tonge la mwisho na adhana ya alfajiri zipo dakika za kutosha kupiga mswaki, wakubwa na wadogo.