Mche Mzima wa Sabuni

Nauza chakula karibu na stendi ya Bunda. Watu wakimwona mama lishe huona moto na masufuria, kumbe nusu ya kazi ni maji na sabuni: sahani, vikombe, sufuria iliyoungua chini, meza, aproni, vitambaa, na mikono yangu mwenyewe toka alfajiri hadi jioni. Nyumbani nina watoto, na mmoja yuko bweni. Kwa hiyo nikizungumzia habari ya sabuni, chumvi na dawa ya meno, nasema juu ya fedha iliyokuwa ikinitoka kila siku kidogo kidogo, na leo inabaki ndani.

Zamani nilinunua kama wanavyonunua wengi hapa mtaani. Mche wa sabuni hukatwa vipande, nachukua kimoja. Sabuni ya unga nachukua kipakiti kinachotosha kufulia mara moja. Mafuta ya kula ya kupima, chumvi ya kupima, kila kitu cha leo. Sisemi huo ni uzembe. Anayepata fedha kwa siku hununua kwa siku, maana jioni ile ile kuna unga wa kununua na mtoto anadaiwa daftari. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kubeba katoni. Mwenye senti za leo anabeba kipande. Na hapo ndipo asiye nacho anapolipa zaidi kwa kitu kile kile.

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu mmoja, mwalimu wa hesabu. Aliniambia, "Mama, kabla ya kuuliza bei, soma gramu." Akachukua kipande cha boksi akaandika mfano. Tuseme kipakiti cha gramu 20 ni shilingi 100, na mfuko wa kilo 1 ni shilingi 3,500. Kwenye kipakiti kila gramu inakugharimu shilingi 5, kwenye mfuko ni shilingi 3 na nusu. Ukimaliza kilo nzima kwa vipakiti umetoa shilingi 5,000. Ile 1,500 umelipia karatasi, si sabuni. Sikulala vizuri usiku ule.

Jambo la pili lilikuwa la jina, na hili lina mizizi mirefu. Mama yangu yuko Butiama. Anakumbuka vizuri miaka ile baada ya vita vya Kagera, vitu vilipoadimika. Kulikuwa na foleni kwenye duka la ushirika, na ukifika mbele unaambiwa sabuni imekwisha. Walifulia majani ya mpapai. Sabuni ya kunukia ilivushwa kwa magendo kutoka Kenya kupitia Sirari, na nyumba yenye sabuni ile ilijulikana kwa harufu kabla hujapiga hodi. Mwaka 1983, serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, mwenye katoni ya sabuni ndani aliogopa kama aliyeficha bunduki. Kizazi kilicholelewa hivyo, nikiwemo mimi, kilikua kikiamini kwamba sabuni ya jina kubwa ni heshima ya mtu. Mgeni akija, unamwekea ile. Ukienda kumwona mzazi, unabeba ile. Kutumia ya bei nafuu ilikuwa kama kutangaza kwamba mambo yamekuharibikia.

Binamu yangu anayeishi Uingereza ananiambia huko maduka makubwa yamegeuza bidhaa zisizo na jina kubwa kuwa biashara. Tesco tangu 1993 ilikuwa na bidhaa zake za bei ya chini, pakiti za mistari ya buluu na nyeupe bila mapambo, na watu wa kila namna walizitia kwenye vikapu. Sisi hatuna duka la namna hiyo hapa Bunda. Lakini rafu ya chini, ya vitu vya bei nafuu, tunayo. Dawa ya meno ya Whitedent inatengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha Chemi & Cotex, na meno ya wanangu hayajawahi kuuliza imetoka wapi. Natazama alama ya TBS, Shirika la Viwango, na tarehe ya mwisho wa matumizi, basi.

Sabuni ya maji ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilidhani nzito ndiyo kali. Siku nilipoketi na akina mama wanaoitengeneza nikaona inavyochanganywa: salfoniki, slesi, soda ya unga, rangi, manukato, kisha chumvi. Chumvi hii hii ya mezani ndiyo inayoifanya iwe nzito, na ukiizidisha inalegea tena na kuwa nyepesi kama maji. Kumbe uzito niliokuwa nikiulipia ni kazi ya chumvi! Sasa najaribu kwa sahani ya mafuta ya sangara. Ikitoa mafuta kwa tone dogo, naichukua, hata kama imefungwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyooshwa.

Mche nao una siri, na siri hii ni ya mama. Mche mpya una maji mengi ndani. Ni mzito mkononi lakini unayeyuka upesi. Yeye huukata ungali mbichi, anavipanga vipande juu ya uchaga jikoni vikiachana ili hewa ipite, na hatoi hata kimoja mpaka vikauke. Sabuni iliyokauka haiishi ovyo. Nilikuwa namwona akifanya hivyo tangu utotoni nikidhani ni kupanga tu.

Kuna mahali sibani. Mafuta ya kupaka na krimu za uso sichukui kwa bei peke yake, maana zipo zenye viambata sumu vinavyochubua ngozi. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, kwa hiyo isiyo na alama wala jina la mtengenezaji siigusi hata ikiwa bure. Taulo za kike za binti yangu pia sipunguzi. Kodi ya VAT juu yake iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani hazikushuka. Sisi wazazi tukabaki pale pale. Nilichoweza kubadilisha ni namna ya kununua: badala ya pakiti moja moja, naagiza dazeni pamoja na wenzangu wenye mabinti bweni, kabla shule hazijafunguliwa Januari, maana wakati huo kila duka linajua una fomu ya kujiunga mkononi na bei inapanda.

Na mama, kule Butiama, namnunulia sabuni ya kunukia ile ile anayoipenda, kwa bei yake. Aliisubiri kwenye foleni miaka mingi. Hiyo siihesabu.

Lakini kujua hesabu ya gramu hakukunipa fedha ya mkupuo. Hapo ndipo ulipoingia mchezo wa kuchangiana fedha. Kanda yetu imezoea mchezo wa vyombo na wa vitenge. Sisi tukaufanya wa sabuni. Kila mmoja anatoa kidogo kwa wiki, fedha ikitimia mmoja wetu anakwenda Musoma kwenye maduka ya jumla, anarudi na katoni, tunagawana na nauli tunaichanga. Ubishi wa mwanzo ulikuwa wa nauli, maana mwenye mche mmoja hakutaka kulipa sawa na mwenye katoni. Tukakubaliana ilipwe kwa kadiri ya mzigo.

Wifi yangu anaanika dagaa Mwigobero, Musoma, naye alitaka kuingia na wenzake. Mchango wa kila wiki uliwashinda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala na mifuko inakauka. Wakikosa wiki mbili tu walikuwa wanarudi kwenye vipakiti. Kwa hiyo kundi lao halifuati wiki wala mwisho wa mwezi wa serikali. Wanachanga giza linapoingia, wananunua kabla mwezi haujakua, na sabuni inawavusha mbalamwezi yote. Mhazini wao ana daftari lenye safu mbili, giza na mbalamwezi, na kwa sasa kundi lina wanawake wengi kuliko letu la Bunda.